Raia wa Gundi

Jina la nchi yetu sitaliandika. Si kwa woga. Mimi ni mtu mzima na nina watoto wa kulea, woga sina nafasi nao. Ni kwamba nikiliandika, kabla halijakufikia wewe msomaji litakuwa limeshafunikwa na kubandikwa juu yake "Taifa Tukufu Lisilo na Mshindani Nchi Kavu wala Majini", na sentensi yangu itaishiwa pumzi. Basi tuseme tu: nchi yetu.

Nchi yetu inaendeshwa na Mtambo. Ni kompyuta moja kubwa iliyofungiwa kwenye jengo lisilo na madirisha, nyuma ya Wizara ya Utambulisho, na ndiyo inayoamua nani anasoma, nani anatibiwa na nani anazikwa wapi. Mtambo una sifa moja ambayo viongozi wetu hawana: unafanya ulichoambiwa. Kazi ya kuuambia ni yetu sisi wa Idara ya Maelekezo. Mimi nimo humo tangu nilipomaliza stashahada yangu ya programu, na kabla ya mtu kuniuliza, hapana, sikuendelea na shahada. Nilipata pacha. Watoto wawili kwa mpigo ni shahada tosha.

Ila maelekezo yetu hayaendi kwa Mtambo moja kwa moja. Katikati amekaa Mbandikaji. Huyu ni programu ndogo isiyojua kusoma, na kazi yake ni gundi. Unamwambia, "Kila utakapoona neno hili, bandika maneno haya juu yake," naye anabandika. Haulizi neno liko wapi, linamhusu nani, wala maneno mapya yatakaaje na jirani zake. Akimaliza anausukumia Mtambo karatasi, nao Mtambo unasoma gundi ukidhani ndiyo maandishi.

Viongozi wetu walimpenda Mbandikaji tangu siku ya kwanza, kama mtu anavyompenda mtumishi asiyeuliza.

Mheshimiwa Rais hakupenda neno MWISHO, akaona linaleta mkosi. Ikaagizwa popote penye MWISHO pabandikwe MWANZO MPYA. Tangu hapo hakuna foleni katika nchi yetu iliyowahi kuisha. Ukifika mbele, dirisha linakuelekeza nyuma, na kwenye ukuta kuna maandishi ya kukupongeza.

Wizara ya Fedha nayo iliona aibu wajumbe wake kuandikiwa kwamba wamepewa CHAI. Neno likabandikwa POSHO YA KIKAO. Lakini gundi haijui mpaka wa wizara. Hospitali zetu zilikuwa na maelekezo ya zamani kwamba mgonjwa akiamka apewe chai. Asubuhi iliyofuata wagonjwa wakaamkia posho ya kikao. Afya ya taifa ikaharibika ghafla. Watu wazima, wenye misuli, walikuja kulazwa na mabegi yao na mito yao wenyewe.

Na yako mabandiko ya kubandika utupu. Baada ya uchaguzi, neno AHADI hupewa bandiko la namna hiyo. Neno linang'olewa, pale lilipokuwa hakiwekwi kitu. Ukisoma ilani ya chama tawala siku hizi utaona nafasi nyeupe nyingi. Wachambuzi wanasema ni mtindo wa kisasa.

*

Njia nyingine ipo, na si siri. Inafundishwa mwaka wa pili chuoni.

Unamruka Mbandikaji, unauambia Mtambo wenyewe: "Kuanzia leo sajili jina hili, nalo ni jina la kitu cha aina hii." Basi. Mtambo unalijua jina, unalikumbuka, na kila utakayemtaja baada ya jina hilo, awe wa kwanza au wa kumi, anapata maana ile ile nzima. Ukikosea, Mtambo unakulalamikia kwa jina uliloandika, si kwa maneno usiyoyafahamu. Ukilisajili ndani ya ukurasa wako, linakaa kwenye ukurasa wako, haliendi kunywesha wagonjwa posho. Na gharama yake ni mstari mmoja.

Mwalimu wetu, Mzee Kimweri, alikuwa akituambia, "Gundi haina kumbukumbu. Jina mpe anayekumbuka." Alisema hivyo kila Jumatatu mpaka tukamchoka.

Ninaposema tukamchoka, ni mimi na Tunu. Tunu alikuwa mwenzangu wa chumba. Tulichangia ndoo, pasi na daftari moja la Mzee Kimweri, tukaajiriwa siku moja, tukapewa meza mbili zinazotazamana katika chumba kimoja cha Idara. Mimi nilikuwa mzuri wa kurekebisha vitu, yeye alikuwa mzuri wa kueleza kwa nini havijarekebishwa. Kwa hiyo alipanda cheo. Mimi sikumwonea kijicho, mtu hupanda kwa kipaji chake. Watoto wangu walimwita mama mdogo, na wake, Heri na wadogo zake, waliniita mama mkubwa. Alipofiwa na mume ni mimi niliyemshika mkono kaburini. Nayasema haya ili ujue tulikuwa watu wa namna gani.

*

Sasa sikiliza habari ya nyota.

Katika maelekezo ya nchi yetu, Mtu ni chochote chenye jina: mgeni, mfungwa, marehemu, hata fahali wa maonyesho ya kilimo. Raia ni Mtu aliyewekewa nyota mbele ya jina lake. Ile nyota inaelekeza kwenye droo, na ndani ya droo ndimo zilimo haki zako: shule, dawa, kura. Bila nyota wewe upo, hakuna anayekataa kwamba upo, ila hakuna droo ya kufungua.

Neno RAIA lingeweza kusajiliwa kwa Mtambo kwa mstari mmoja. Halikusajiliwa. Lilipewa gundi: popote penye RAIA, bandika Mtu na nyota.

Ulipofika Uandikishaji Mkuu, kila chumba cha ofisi kilitakiwa kuandika watoto wake. Wiki hiyo mama yangu alivunjika nyonga kijijini. Nilikuwa nimesimama na begi mkononi, nikiangalia skrini na kuangalia saa.

"Nenda kamuuguze mama," Tunu akasema. "Wanao nitawaandika pamoja na wangu."

"Kulwa na Doto, Mama Heri. Usisahau."

"Nitawasahauje watoto niliowaogesha?"

Nikaenda. Niliporudi nilimletea jogoo wa shukrani, mkubwa, mwenye mkia wa kijani. Alimpokea kwa mikono miwili.

*

Miaka ikapita bila mtu kuuliza habari ya nyota, kwa sababu shule ya msingi huhesabu vichwa. Sekondari ndiyo hufungua droo.

Siku ya matokeo nilikwenda na mabinti wote wawili. Dirishani alikaa dada mmoja mwenye kucha ndefu, akibonyeza vitufe kwa kalamu ili asizivunje.

"Kulwa yupo," akasema. "Sekondari ya Kilele. Hongera."

"Na Doto?"

Akabonyeza. "Doto hana nyota."

"Nimepata alama ngapi?" Doto akauliza.

"Alama unazo, mdogo wangu. Umempita hata mwenzako. Nyota ndiyo huna."

"Wameandikwa RAIA wote wawili," nikasema. "Neno moja, siku moja."

"Mama, usinikasirikie. Neno hilo mimi silioni hapa. Mtambo haulijui."

"Mtambo wa nchi hii haulijui neno raia?"

"Haujawahi kulisikia. Likifika huku limeshabandikwa."

Nilivuta pumzi. "Malalamiko yanapelekwa wapi?"

"Dirisha la raia, ghorofa ya pili. Lakini anayelalamika ni nani, wewe au yeye?"

"Ni yeye aliyenyimwa."

"Basi hawezi, kwa sababu hana nyota. Na wewe hujanyimwa kitu." Alinionea huruma, nadhani, alinisogezea karatasi ya pongezi ya Kulwa kwa upole.

Njiani Kulwa akasema asipoenda Doto na yeye haendi.

"Utakwenda," nikamwambia, "na yeye atakwenda. Tembeeni, jua kali."

Tukafika sokoni, Doto akanishikia kikapu. Kisha akasema, "Mama, hata wewe watu wanakuita Mama Kulwa. Labda Mtambo umesikia kwao."

Alisema kwa utani. Nilinunua nyanya bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo silifanyi.

*

Mwenye kazi yangu anaweza kumwomba Mbandikaji amwonyeshe karatasi ikiwa na gundi bado mbichi, kabla haijaenda kwa Mtambo. Kesho yake nikaomba mstari wa wanangu. Uliandikwa hivi:

RAIA Kulwa, Doto;

Na baada ya gundi ulisomeka hivi:

Mtu *Kulwa, Doto;

Nyota hushika jina moja tu, lile lililo karibu nayo. Kulwa akapata nyota. Doto, aliyezaliwa nyuma yake kwa muda wa mkunga kufuta jasho, akawa Mtu tu, kama yule fahali.

Kosa hili ni la kitoto. Mzee Kimweri alilichora ubaoni kila mwaka. Lingekuwa jina lililosajiliwa kwa Mtambo, wote wawili wangepata nyota hata ningekuwa nimezaa saba.

Nikapanda ghorofa ya tisa kwa Tunu, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mabandiko. Zulia lake lilikuwa zito kiasi kwamba ukiingia unapungua urefu.

"Mama Kulwa, umekonda," akasema.

"Doto amenyimwa shule." Nikamwekea ule mstari mezani. "Unaona?"

Aliutazama kwa muda mfupi sana. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu alielewa haraka.

"Naona," akasema.

"Ni mstari mmoja tu, Mama Heri. Tuling'oe bandiko la RAIA, tulisajili jina kwa Mtambo. Nimeshauandika, huu hapa. Haumpatii nyota Doto peke yake, unawapatia wote walioandikwa nafasi ya pili nchi nzima."

Akaja upande wangu wa meza, akanishika mabega. "Doto ni mwanangu pia. Niachie mimi. Nitaupeleka mwenyewe kwenye Kamati."

Nikamwachia. Nilitoka pale mwepesi, nikawapikia watoto pilau siku ya kazi.

*

Kamati ilikaa katika Ukumbi wa Uwazi, mlango ukiwa umefungwa. Mimi niliitwa kama mleta hoja, nikapewa kiti nyuma ya nguzo. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Utambulisho, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Mstaafu Pazi Mkumbukwa, ambaye vyeo vyake vilisomwa kwa zamu na watu wawili ili mmoja asichoke.

"Ndugu wajumbe," Waziri akaanza, "gundi ni urithi wetu. Mababu zetu walibandika. Leo anakuja mtu na kitu kinachoitwa jina la kusajiliwa. Nimelichunguza jina hilo kitaalamu. Nimegundua lina tabia mbaya. Ukishalisajili, linabaki na maana ile ile."

Wajumbe wakaguna.

"Linabaki na maana ile ile hata baada ya uchaguzi," akaendelea. "Sasa niulize, serikali inayobadilika kulingana na wakati itafanyaje kazi na neno lisilobadilika? Leo tumesema raia, kesho tukiwa na maoni tofauti kuhusu raia, tukamwombe Mtambo ruhusa? Huo ni ukoloni wa mashine."

Makofi. Halafu akaitwa Mkurugenzi Mkuu wa Mabandiko atoe ushauri wa kitaalamu.

Tunu akasimama. Alikuwa na mstari wangu mkononi. Nilikaa vizuri.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "bandiko la RAIA halina kosa. Limefanya kile lililoombwa kufanya. Kosa ni la uzembe wa mzazi. Mzazi makini humpa kila mtoto mstari wake. Mzazi akiwarundika watoto wawili mstari mmoja kama mitumba, asiilaumu gundi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaangalia kama kuna mtu mwingine aliyesimama.

"Tuoneshwe," Waziri akasema, na karani akaurusha ukurasa wote ukutani, herufi kubwa kama milango:

RAIA Heri;
RAIA Hekima;
RAIA Hidaya;
RAIA Kulwa, Doto;

Ukumbi mzima ukatazama na haukuona kitu. Wawili tu ndio tulioona. Mkono mmoja ndio ulioandika mistari hiyo, kikao kimoja, labda kwa kikombe kimoja cha chai. Heri, Hekima na Hidaya walikuwa watoto wa Tunu. Kila mmoja alikuwa amepewa mstari wake, nyota yake, kituo chake. Alipofika kwa wangu, ndipo mkono ulipochoka.

Hoja ikatupwa. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba mleta hoja ameshukuru.

*

Nilimkuta kwenye korido, akitafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwamo.

"Ulijua," nikasema.

"Tusiongelee hapa."

"Hapahapa. Siku ile unaandika, ulijua nyota itamshika nani."

Akaacha kutafuta. "Droo zilikuwa nne," akasema. "Kila chumba cha ofisi kilipewa nafasi nne, Mama Kulwa. Nina watoto watatu. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali nini? Ungeniambia nimtoe Hidaya?"

"Ningekuambia tukahangaike. Mbona tumehangaika pamoja maisha yetu yote?"

"Nilidhani tutalirekebisha baadaye. Kisha likawa kubwa." Akashusha sauti. "Sikiliza. Naweza kuwapanga upya. Nimweke Doto mbele, Kulwa nyuma. Doto ndiye mwenye alama nzuri."

Alilisema hilo kama mtu anayetoa zawadi. Nilimwangalia na kumtafuta yule msichana wa ndoo na pasi, nikamwona, alikuwa yuleyule. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Hakuwa amebadilika. Siku zote alikuwa mtu wa kuangalia kwanza wali uliobaki kwenye sufuria, halafu ndipo atukaribishe.

"Jogoo wangu mlimla?" nikamuuliza.

Akaufunga mkoba. Nikashuka ngazi.

*

Kila mwandishi wa Idara ana ukurasa wake, na ndani yake anaruhusiwa kusajili majina ya vikazi vyake. Hakuna aliyewahi kuifuta ruhusa hiyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuitumia. Asubuhi nilifika ofisini, nikavua viatu vinavyonibana, nikasajili jina jipya kwa Mtambo, jina ambalo Mbandikaji hakuwa na gundi yake. Mtu mwenye nyota, nikasema, kwenye ukurasa huu anaitwa Mwanangu. Kisha nikaandika:

Mwanangu Kulwa, Doto;

Mbandikaji akapita juu yake kama mtu apitaye mbele ya duka lisilomuuzia kitu. Mtambo ukasoma, ukalitambua jina, ukawapa wote wawili nyota. Ukafungua na droo mpya ya Doto bila kusita.

Nikauuliza Mtambo una droo ngapi. Ukajibu: kadiri zitakavyohitajika.

Nikachimba. Ile NNE haikuwa idadi ya droo. Ilikuwa bandiko. Siku ya uzinduzi, wizara ilitengeneza meza ya maonyesho ili Rais apige nayo picha, na meza hiyo ilikuwa na droo nne. Mtu akaibandika hiyo hesabu nchi nzima. Tunu alimtosa mwanangu kwa ajili ya fanicha.

Doto akaripoti Kilele wiki ile ile, na godoro lake na ndoo yake. Habari ikatembea, maana wazazi wa pacha hujuana. Wakaja kina Mama Pili, baba zao, bibi zao. Sikuwauliza kabila wala chama. Nilisajili jina mara moja tu. Watoto wao niliwaandika mstari wa chini yake, kwa alama ya mkato, mmoja baada ya mwingine, mpaka mstari huo wa Mwanangu ukawa mrefu kuliko foleni ya mafuta.

*

Tunu ndiye aliyenichongea. Sikuhitaji kuambiwa, ni yeye tu pale ghorofa ya tisa aliyeweza kuusoma ukurasa wangu na kuelewa. Lakini hakuung'oa usajili wangu. Angeung'oa, ingembidi aeleze kwamba usajili unafanya kazi. Akafanya kile anachokijua. Akatoa gundi: popote penye Mwanangu, bandika Mtu Asiyehusika.

Saa nne asubuhi Doto akatolewa darasani katikati ya somo la jiografia. Akanipigia kwa simu ya mlinzi.

"Mama, wameniambia nikae getini."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kaa kivulini. Usiondoke hapo."

Nilikuwa navaa viatu niende, redio ikiwa imewashwa. Ilikuwa Wiki ya Taifa, Rais akihutubia kutoka uwanjani. Rais wetu husoma hotuba kwenye kioo cha maandishi, na kioo hupitia kwa Mbandikaji kama kila kitu. Yeye mwenyewe husoma kilichoandikwa, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo nidhamu. Alikuwa amefika mahali pa kutangaza uteuzi wa kijana wake wa kumzaa.

"Katika umri wangu huu," Rais akasoma, "furaha yangu kubwa ni mtu asiyehusika."

Watu uwanjani wakatazamana.

"Mtu asiyehusika nimemlea kwa mikono yangu. Nimemsomesha ng'ambo. Leo, kwa mamlaka niliyopewa, ninamteua mtu asiyehusika kuwa waziri. Mtu asiyehusika, simama wakuone."

Wanasema kijana alisimama nusu, akakaa, akasimama tena, akamuuliza mama yake kama ndiye. Watu wakapiga makofi, maana ratiba ilisema makofi. Mtangazaji akaweka wimbo wa taifa, akaurudia.

Kabla ya chakula cha mchana gundi ya Mwanangu ilikuwa imebanduliwa, na Doto amerudi kwenye jiografia. Waziri Mkumbukwa alipelekwa kuwa balozi katika kisiwa ambacho mpaka leo hakijaonekana. Tunu alifukuzwa kazi kwa kosa la kumtukana mtoto wa Rais kwa njia ya gundi.

Na yule kijana akaapishwa kweli, akapewa Wizara ya Utambulisho. Ili aonekane anahusika, akaanzisha Uhakiki. Akaagiza bandiko la RAIA libadilishwe: popote penye RAIA, bandika Mtu, bila nyota, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Ilikuwa rahisi kama Waziri aliyepita alivyoahidi. Asubuhi moja nchi nzima ikaamka bila droo, yule dada wa kucha ndefu akiwemo. Tulibaki na nyota sisi tuliokuwa kwenye ukurasa wangu, kwa kuwa gundi haikuwa na pa kutushika. Nami nilikuwa nimeshajiandika humo kupitia kwa mama yangu, aliyeniita mwanangu na kuweka dole gumba akiwa kitandani. Neno Mwanangu Waziri mpya hakuligusa. Alikuwa akilitumia: ndilo lililompa uwaziri.

*

Tunu alikuja Jumamosi mchana, nikipika. Watoto wangu walikuwa likizo. Alikuja na Heri, Hekima na Hidaya, wamevaa sare ambazo hazikuwa tena na shule.

"Hodi, Mama Kulwa."

"Sema."

Hakupiga hatua. "Watoto wamefukuzwa."

"Nimesikia."

"Ukurasa wako bado upo?"

"Upo."

Akatazama chini. "Ni kuongeza majina matatu tu. Huhitaji hata mstari mpya."

"Unajua wataitwaje," nikamwambia. "Pale hapana gundi. Nikiwaandika wanakuwa wanangu, na Mtambo hausahau. Siku ukinuna huwezi kuwabandua."

Hidaya, aliye mdogo, alikuwa ameshachungulia ndani na kumwona Doto. Wakawa wanaoneshana ishara za vidole walizozizoea tangu utotoni.

"Andika," Tunu akasema.

Nikaleta kompyuta ya kazini, nikaiweka kwenye kiti pale mlangoni ili aone kila herufi.

Mwanangu Kulwa, Doto, Heri, Hekima, Hidaya;

Mtambo ukajibu papo hapo. Nyota tano. Akalia bila sauti, mkono mdomoni, na mimi sikumzuia. Watoto nikawaambia wanawe mikono, wakapita katikati yetu kwenda ndani.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe nini?"

"Mimi nilikuwa RAIA kama wengine. Jana hospitali wamenirudisha mlangoni. Hawana droo ya kufungua."

"Mwambie mama yako akuandike."

"Mama yangu alikufa, unajua. Tulimzika wote."

Nilijua. Nilibeba mchanga wa kaburi lile kwa mikono yangu. Nikafunga kompyuta.

"Jina lina maana yake, Tunu. Wewe si mwanangu. Ulikuwa rafiki yangu, na hilo sikuwahi kulisajili popote. Nilidhani halihitaji."

Nikarudi jikoni, nikaongeza maji kwenye mchuzi, kwa sababu sasa walikuwa watano. Yeye akakaa nje kwenye ngazi, akawasubiri wamalize kula.